Aanikwe Nani, Asitiriwe Nani

Katika kipindi cha uhalisia cha runinga, Big Brother Africa, kulikuwa na cheo cha wiki moja, Kiongozi wa Nyumba. Aliyekipata alikabidhiwa mamlaka moja iliyozidi nyingine zote: washiriki wenzake wakishapendekeza nani watoke, yeye aliruhusiwa kumnasua mmoja na kumtia mwingine mahali pake. Akiwa mwenyewe yumo kwenye orodha, hakukatazwa kujinasua. Hapo ndipo nilipokuwa nikiweka chini madaftari ya wanafunzi na kukaza macho kwenye runinga. Hotuba za urafiki zilikuwa zimekwisha, na mtu alibaki na kazi moja tu, kutaja jina. Niliowatazama, wengi walijinasua wao, kisha wakamweka aliye mnyonge: asiye na kundi, asiyeweza kulipiza wiki inayofuata.

Msimu wa 2014, ule uliocheleweshwa na moto ulioharibu nyumba ya Johannesburg kabla washiriki hawajaingia, Rwanda ilipeleka vijana wawili, Arthur Nkusi na Frankie Joe. Hapa Biryogo, mtaani kwetu Kigali, hata wasiokuwa na king'amuzi walijua nani kapendekezwa. Mshindi alikuwa Idris Sultan wa Tanzania, akaondoka na dola 300,000. Watu walibishana juu ya fedha hizo miezi mingi. Mimi nilibaki na yule Kiongozi wa Nyumba.

Wanaoendesha semina za uongozi husema vipindi vya uhalisia vinafundisha kushirikiana, kusikilizana na kuvumilia mikiki. Sawa. Lakini mambo hayo unaweza kuyajifunza kwenye timu ya mpira au jikoni siku ya harusi. Kilichomo katika vipindi hivi, na ambacho vitabu vingi vya uongozi hukikwepa, ni kwamba kuna siku maumivu lazima yamfike mtu, na kiongozi ndiye anayeamua yamfike nani. Ukitaka kumjua, mtazame siku hiyo. Swali linalonisumbua linatokana na hapo: je, yule anayetazamwa na watu milioni hutenda haki zaidi ya yule asiyetazamwa na yeyote? Na kama ndiyo, haki hiyo ni yake au ni ya kamera?

Nina sababu ya kuuliza. Ninafundisha Kiswahili sekondari, na majirani zangu walinichagua kuwa mutwarasibo, kiongozi wa isibo. Kwa msomaji aliye nje ya Rwanda: juu kuna wilaya, chini yake umurenge, kisha akagari, kisha umudugudu, na chini kabisa ndiyo isibo, kaya kama 15 au 20 za watu wanaosikiana wakikohoa. Hakuna mshahara. Kazi yangu ni kujua nani kajifungua, nani hajalipia mituweli, bima ya afya, mtoto gani kaacha shule, mlango upi umeanza kupigwa mateke usiku. Jumamosi ya mwisho wa mwezi natoka na wenzangu kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na majembe, na baada ya kufagia mtaro tunakaa kikao. Ni uongozi mdogo kuliko wote nchini, na umenionyesha kwamba mamlaka madogo yana vishawishi vilevile vya makubwa.

Wazee wa falsafa walilijua swali langu. Katika kitabu cha Plato juu ya dola, Glaucon anasimulia habari za mchungaji aliyeokota pete. Akiigeuza upande wa ndani, haonekani. Mchungaji huyo anaingia ikulu, anamuua mfalme na kutwaa ufalme. Glaucon anadai kwamba mwema na mwovu, wote wawili wakipewa pete hiyo, watafanya mamoja, kwa sababu watu hutenda haki kwa kuogopa macho ya wengine. Runinga ya uhalisia ni pete iliyogeuzwa kinyume: hakuna saa usiyoonekana, hata ukiwa usingizini. Kama Glaucon angekuwa amesema kweli, basi katika nyumba yenye kamera kila pembe tungepata watu waadilifu kuliko wote duniani. Hatukuwapata. Tulipata watu waliojua kulia wakati ufaao.

Hapa Kigali tulikuwa na mashindano yetu wenyewe, Primus Guma Guma Super Star, yaliyoanza 2011. Tom Close alishinda mwaka huo, King James mwaka uliofuata, kisha Riderman, Jay Polly, Knowless, Urban Boyz, Dream Boyz, hadi Bruce Melodie mwaka 2018. Kabla yake vijana walikuwa wakiitazama Tusker Project Fame ya Nairobi, ambayo Mnyarwanda Alpha Rwirangira aliishinda mwaka 2009. Mashindano yote mawili yalibeba majina ya bia, na mimi kama Mwislamu sikulifurahia hilo, lakini wanafunzi wangu walikuwa humo kwa moyo wote, na mwalimu asiyejua kinachowaliza wanafunzi wake atawafundisha nini?

Guma Guma ilizunguka wilayani. Wasanii walipanda jukwaani viwanjani, mbele ya watu waliokuja kwa miguu kutoka vilimani, na kadiri mashindano yalivyosonga mbele ndivyo walivyotakiwa kuacha kuimba juu ya sauti iliyorekodiwa na kuimba kwa koo zao, bendi ikiwa nyuma. Hilo nililipenda sana. Mtu aliyezoea kufichwa na studio alisimama akitoka jasho, na mama muuza ndizi wa Huye akasikia mwenyewe kama sauti ipo au haipo. Lakini kura, mbali na zile za majaji, zilipigwa kwa ujumbe wa simu. Mwenye salio nyingi alipiga nyingi. Mpiga kura hakuhitaji hata kumsikiliza mtu aliyempigia.

Linganisha na tulivyofanya Oktoba 2021 tulipochagua viongozi wa midugudu. Tulijipanga nyuma ya wagombea, mtu na mwili wake. Huwezi kusimama mara mbili. Jirani yako anakuona umemwacha shemeji yako na kusimama nyuma ya mtu mwingine, na utakutana na shemeji huyo jioni dukani. Vijana wa mtaa walisema siri imevunjwa, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo kuna uzito pia katika kura unayoibeba kwa miguu yako. Nilimwona mzee mmoja akitoka kwenye mstari mrefu, akavuka uwanja peke yake, akasimama nyuma ya mama ambaye hakuwa na zaidi ya watu wachache. Hakusema neno. Mwaka mzima baadaye watu waliendelea kumheshimu kwa hatua zile.

Lakini nisiupambe mstari kupita kiasi. Wakenya wanaukumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Watu walijipanga mchana kweupe, kila mtu akaona mstari upi mrefu, kisha katika maeneo mengi akatangazwa mshindi yule wa mstari mfupi. Maelfu ya macho yaliona na hayakusaidia kitu, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kusimama na kusema alichokiona. Kuonekana kwa jambo na kuwajibika kwa jambo hilo ni vitu viwili. Runinga hutupa cha kwanza na kutufanya tudhani tumepata cha pili.

Kipindi cha uhalisia kikubwa kuliko vyote nchini hakina nyimbo wala mshindi wa dola. Ni Umushyikirano, Baraza la Mashauriano ya Taifa, lililoanza 2003 na kuandikwa ndani ya katiba. Hurushwa moja kwa moja redioni na kwenye runinga. Mwananchi anapiga simu kutoka kijijini kwake, anasema barabara iliyoahidiwa haijajengwa au fidia ya shamba lake haijalipwa, na Rais anamtaka waziri au meya anayehusika asimame ajibu. Katika mkahawa ninaokunywa chai ya mnanaa, siku hizo hakuna anayeuliza habari za mpira. Meya anasimama, anashika kipaza sauti, anarekebisha tai. Watu wananyamaza, sufuria ya maandazi inaachwa iungue. Kikao cha Februari 2023, katika Kigali Convention Centre, ndicho kilichosomewa matokeo ya imihigo, zile ahadi za utendaji ambazo mameya huziweka mbele ya Rais tangu 2006, kwa mfano wa mashujaa wa zamani waliokuwa wakijiapiza mbele ya mfalme. Nyagatare ilitajwa ya kwanza, na waliotoka huko wakanunulia meza nzima chai.

Mimi ni mtetezi wa jambo hili. Nimewaona wakubwa wakiulizwa na mtu mwenye simu ya tochi, na kwa umri wangu najua kwamba hilo si jambo dogo. Hata hivyo imihigo ilizaa mtoto wake, nasi tunamwita kwa jina: gutekinika, kupika takwimu. Ukijua utapangwa kwenye orodha mbele ya taifa zima, kishawishi ni kushughulikia orodha badala ya kazi. Kisima kinahesabiwa kabla hakijatoa maji. Viongozi wa juu wenyewe wamelikemea jambo hilo hadharani, na tathmini ilikabidhiwa watu wa nje ya wilaya, kwanza taasisi ya utafiti ya IPAR, baadaye Taasisi ya Taifa ya Takwimu. Maana yake ni kwamba kamera ilishindwa peke yake. Ilibidi mtu avae buti, aende hadi kwenye kisima, afungue bomba.

Kisha kuna yale ambayo kamera haiyaangalii kwa sababu imeelekezwa kwingine. Kwa miaka tuliwatazama wasichana wa Miss Rwanda wakiwa kambini, wakijibu maswali, wakitolewa mmoja mmoja. Tulijua viatu vyao na kiwango chao cha Kiingereza. Mei 2022 wizara ikayasimamisha mashindano, muda mfupi baada ya mwandaaji wake kukamatwa kwa tuhuma za kuwadhulumu kingono washiriki, kesi ambayo ilimalizika kwa hukumu ya kifungo katika rufaa. Taa zote zilikuwa zimewamulikia waliokuwa chini ya mamlaka. Mwenye mamlaka alisimama nyuma ya taa. Sidhani kama ilikuwa bahati mbaya. Ndivyo vipindi hivi vilivyojengwa. Machozi ya mshiriki ni bidhaa, na anayeamua machozi yapi yaonyeshwe hana jina kwenye kioo.

Hapo ndipo ninaporudi kwa Khalifa Umar bin Khattab, kwa kuwa sijapata mfano ulio wazi zaidi. Waislamu wa pwani na wa bara wanazijua hadithi zake mbili, lakini mara chache huzisimulia pamoja.

Ya kwanza ni ya kitambaa. Inasimuliwa kwamba Umar alipanda mimbari akiwa na vazi lililotimia, wakati kila mtu alikuwa amegawiwa kipande kisichotosha vazi. Mtu mmoja akasimama katikati ya umati na kusema hatamsikiliza hadi aeleze kitambaa cha ziada kimetoka wapi. Khalifa wa dola iliyokuwa ikimeza Uajemi na Shamu hakumwambia akae chini. Alimwita mwanawe Abdullah, naye akaeleza kwamba alimpa baba yake fungu lake. Mtu yule akasema, sasa sema, tutasikiliza. Msikiti ulikuwa ndiyo runinga ya mji, na swali liliulizwa mbele ya wote juu ya nguo aliyoivaa kiongozi mgongoni.

Ya pili ni ya usiku. Umar na mtumishi wake Aslam wanazunguka nje ya Madina, wanamkuta mwanamke amebandika chungu chenye maji motoni, watoto wanalia, naye anawalaghai ili walale wakidhani chakula kinaiva. Umar anarudi mbio ghalani, anatwaa gunia la unga. Aslam anataka kulibeba. Umar anakataa, akimuuliza kama siku ya kiyama atambebea na dhambi zake. Anakwenda, anakoleza moto, moshi unapita kwenye ndevu zake, anapika mpaka watoto wanashiba. Mwanamke hamjui. Anamwambia kwamba yeye anastahili kuwa kiongozi kuliko Umar.

Uingereza walikuwa na kipindi, kilianza 2009, ambamo mkurugenzi wa kampuni hujibadilisha sura akafanya kazi pamoja na wafanyakazi wake wa ngazi ya chini, kisha mwishoni hujitambulisha na kugawa zawadi huku wao wakilia. Kiliigwa Marekani na kwingineko. Watu wakasema, tazama, huyu ni kama Umar! Siyo. Umar hakugeuka mwishoni kumwambia yule mama, mimi ndiye. Au tuseme vizuri zaidi: katika simulizi ninayoijua, yule mama hakulazimishwa kuwa mwigizaji katika wema wa mtu mwingine. Alibaki na njaa yake iliyokwisha na heshima yake nzima. Juu ya kitambaa Umar alianikwa, na juu ya unga yule mama alisitiriwa. Nadhani hilo ndilo gumu kuliko yote katika uongozi, kujua kipi chako kinapaswa kuwa juani na kipi cha watu kinapaswa kuwa kivulini. Na vipindi tunavyovitazama vimeligeuza kichwa chini: mnyonge yuko juani, mwenye nguvu kivulini.

Imam Ghazali aliandika kitabu kizima ndani ya Ihya juu ya kupenda cheo na juu ya riya, yaani kutenda mema ili uonekane, na jambo moja humo hunitia hofu kila nikilikumbuka: riya humwandama hasa mwanachuoni na mcha Mungu, aliyekwisha kujizuia na maovu ya wazi. Qurani, katika sura ya Al-Baqara, haikulaani kutoa sadaka waziwazi. Imesema ni vyema, kisha ikasema kuificha na kuwapa mafukara ni bora zaidi. Wakristo nao, majirani zangu wengi, husoma katika Mathayo sura ya sita kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyacho wa kulia. Na katika hadithi ya watu saba watakaopewa kivuli na Mwenyezi Mungu, wa kwanza kutajwa ni kiongozi mwadilifu, na miongoni mwa sita wanaobaki yumo yule anayetoa kwa siri. Wamewekwa katika orodha moja. Nimewahi kujiuliza iwapo wanaweza kuwa mtu mmoja.

Nililijaribu swali hilo Machi 2020. Nchi ilifungwa usiku wa tarehe 21, na wiki iliyofuata serikali ikaanza kugawa chakula Kigali, nyumba kwa nyumba. Orodha zilianzia kwetu sisi wa chini, maana sisi ndio tunaojua nani anakula kwa kibarua cha siku. Katika isibo yangu kuna motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, wasusi, fundi cherehani, wauza matunda. Wote walikuwa wamekaa. Mgao wa kwanza, kawunga, maharage na mchele, haukuweza kumfikia kila mmoja. Nikakaa mezani na kalamu nikiwa Kiongozi wa Nyumba.

Hakukuwa na kamera. Nilikuwa na jirani anayepiga kelele, ambaye nikimwacha angenitangaza mtaa mzima. Nilikuwa na kijana wa motari aliyejifungia ndani na mkewe mwenye mimba, asiyeweza kuomba hata kama angezimia. Jina rahisi kuliandika lilikuwa la mpiga kelele. Niliandika la kijana. Gunia lake nililipeleka baada ya isha, nikaliweka ndani ya mlango, nikamwambia ni zamu yake, kama vile kila mtu ana zamu. Yule mpiga kelele alinitangaza kweli, akasema nawapa watu wangu. Sikuwa na namna ya kujitetea bila kumtaja kijana. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kuliniuma kuliko nilivyotarajia. Nikaelewa kwamba kuwasitiri watu kuna gharama, na inayolipa ni sifa yako.

Siku chache baadaye kundi moja la watoa msaada lilikuja na bango na simu. Nia yao ilikuwa njema, na unga wao ulikuwa unga kweli. Lakini walitaka wapokeaji wajipange, kila mmoja ashike mfuko kifuani, bango lionekane. Bibi mmoja wa mlango wa tatu alishika mfuko kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akavuta kitenge chake taratibu mpaka kikamfunika uso wote. Mpiga picha akamwomba, bibi, funua kidogo. Hakufunua. Alisimama vile mpaka wakachoka, kisha akaenda nyumbani na mfuko wake. Sijaona msimamo ulio thabiti kuliko ule, na sitarajii kuuona kwenye runinga, kwa sababu runinga ingeukata ikisema picha haikutoka.

Mtoto wa dada yangu ana chaneli ya video kwenye intaneti. Huwahoji watu wenye shida, huweka namba ya simu chini, na misaada huja. Nimeona paa likiezekwa kwa njia hiyo. Nilipomweleza mawazo haya alinijibu kwa hoja ambayo sikuweza kuipuuza. "Mama mdogo," alisema, "wewe unasema ulimpa kijana wa motari usiku. Sasa ungekuwa mwizi, tungejuaje? Kila mwizi hutoa sadaka zake usiku." Ana haki. Stara ya mnyonge inaweza kuwa maficho ya kiongozi. Kiongozi anayesema, siwezi kuwaambia fedha zimekwenda wapi kwa kuwa nawalindia heshima masikini, huyo mwangalie kwa macho mawili.

Wapo waliojaribu kuitumia runinga kwa njia iliyo karibu na ninayoitafuta. Nepal, mwaka 2014, kulianzishwa shindano la Integrity Idol, ambalo baadaye lilikwenda Liberia, Mali, Pakistan, Nigeria na kwingineko. Wananchi humpendekeza mtumishi wa umma aliye mwaminifu, kazi zake huonyeshwa, na watu humpigia kura. Mshindi wa kwanza alikuwa afisa elimu wa wilaya, Gyan Mani Nepal. Kinachoanikwa pale ni utendaji wa mwenye ofisi. Wanafunzi wake hawaombwi kulia. Tanzania nayo ilikuwa na Mama Shujaa wa Chakula, iliyoanza 2011 na kisha kuingia ndani ya kijiji cha Maisha Plus, ambamo wakulima wanawake waliishi mbele ya kamera. Sista Martha Waziri wa Dodoma alishinda 2012, naye alikuwa amekwisha kufufua ardhi iliyoliwa na korongo muda mrefu kabla mtu wa kamera hajajua njia ya kwenda kwake. Kamera ilikuja kama shahidi. Haikuwa sababu ya kazi. Mtu akitaka kuchota funzo la uongozi katika vipindi hivi, mimi ningemuuliza kwanza: huyu alikuwa akifanya nini kabla taa hazijawashwa, na je, kuna anayeweza kuthibitisha?

Kwa isibo yetu tumefanya hivi. Kuna karatasi mbili. Ya kwanza inabandikwa ukutani kwenye duka la kona: tarehe, msaada umetoka kwa nani, mifuko mingapi imeingia, mingapi imetoka, sahihi yangu. Ya pili ina majina ya waliopewa, na haibandikwi. Inakaa kwa wajumbe wawili, mwanamume na mwanamke, waliochaguliwa na kikao na wasio jamaa zangu. Mwenye malalamiko huwaendea wao, nao wana ruhusa ya kubisha hodi kwenye kila nyumba iliyotajwa na kuuliza kama kweli mfuko ulifika. Mtoto wa dada yangu alisema haitoshi, bado naweza kuwalisha ndugu zangu. Tukaongeza kanuni: aliye ndugu yangu akipewa kitu, jina lake litolewe kwenye karatasi ya pili na liandikwe ukutani.

Mgao uliopita ulimfikia dada yangu, mama yake huyo kijana, ambaye cherehani yake imekaa miezi bila kazi. Wajumbe walimpitisha wao wenyewe, mimi nikiwa nje ya chumba. Aliposikia kwamba jina lake litabandikwa dukani, alikataa mfuko. Hakugomba. Alisema tu kwamba jirani yake kapewa bila kubandikwa, na yeye kosa lake ni kuzaliwa tumbo moja na mutwarasibo. Mwanawe alikuja kwangu jioni, akaniuliza kama kanuni hiyo haiwezi kulegezwa. Nilimwambia ilitokana na hoja yake, na hoja yake bado ni nzuri.

Mfuko ulikwenda kwa kaya iliyofuata kwenye orodha. Dada yangu nilimnunulia unga kwa mshahara wangu wa ualimu, nao huo hauandikwi popote. Lakini si kila ndugu wa kiongozi ana dada mwalimu, na suala hilo nimeliweka kwenye ajenda ya kikao cha baada ya umuganda. Mzee aliyevuka uwanja mwaka 2021 amekwisha kusema anataka kanuni ibaki. Bibi wa mlango wa tatu, ambaye hasemi mara nyingi, amesema atapinga.